Barua kwa wajukuu zangu wa Usukumani: ulizeni kabla hamjachangia

Mwangaluka, wajukuu zangu.

Nawaandikia ninyi wenye asili ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na Tabora, popote mlipo: mlioko kijijini na jembe, mlioko machimboni Kahama na Geita, mlioko Dar es Salaam mnaendesha bodaboda au mnauza nguo Kariakoo, na mlioko vyuoni. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Sasa ni bibi, mjane, naishi na mjukuu mmoja, na macho yangu ni mekundu. Hilo la macho nalisema mapema kwa sababu huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hufunga mlango wake kabla jua halijazama, na anajua kwa nini.

Ombi langu ni moja. Ikikufikia habari kwamba fulani amemloga fulani, usitume hela, usiisambaze, na usinyamaze, mpaka uwe umeuliza kwa mdomo wako na kulipima jibu kwa akili yako. Nitasema kwa kirefu, maana jambo hili likifupishwa linaonekana dogo.

Zamani maneno ya uchawi yalitembea kwa miguu. Aliyetaka kumchafulia mwenzake jina alilazimika kwenda mji hadi mji, akaribishwe, apewe maji, atazamwe usoni, aulizwe maswali na watu wanaomjua tangu utoto. Wengine walirudi kwao bila kulisema lililowapeleka. Leo mtoto akifariki, hata matanga hayajaanuliwa, sauti ya dakika mbili imeshaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kijana aliyeko Geita anaisikiliza huku akingoja matokeo ya mkeka wake. Dada aliyeko Dar anaisikiliza ndani ya daladala, na video nyingine inamngoja. Anayezungumza analia, na kilio chake ni cha kweli, maana mtoto amekufa kweli. Mwishoni anasema unahitajika mchango wa kwenda kwa mtaalamu, tumjue mbaya wetu. Watu wanaandika "poleni sana", wanatuma elfu kumi, elfu ishirini, kisha wanarudi kwenye mpira.

Sasa ifuateni ile hela. Inafika kwa mpiga ramli. Kifaranga kinapasuliwa, matumbo yanasomwa. Mara nyingi hata jina hatamki. Anasema tu kwamba mbaya wenu ni mwanamke, mtu mzima, anaishi upande wa machweo, na mna undugu naye. Wenye msiba wanamalizia wenyewe. Mchango wa pili, ambao hautangazwi kwenye kundi, unawatafuta wakata mapanga. Asubuhi majirani wanasukuma mlango wa bibi.

Niambieni, nani amemuua? Aliyerekodi sauti atasema alitoa taarifa ya msiba. Aliyesambaza atasema ilimfikia hivyo hivyo. Aliyetuma elfu ishirini atasema alifariji ndugu zake. Mpiga ramli atasema hakutaja jina la mtu. Mwenye panga atasema alipewa kazi. Kila mmoja kabeba kipande chake, kidogo kiasi cha kumwacha apate usingizi. Bibi peke yake ndiye aliyebebeshwa lote.

Si hadithi za kutishia watoto hizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa yake ya mwaka 2009, kilihesabu wanawake wazee 2,585 waliouawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa 8 ndani ya miaka 5. Mwanza 698, Shinyanga 522, Tabora 508. Mikoa mingine mitano ikagawana waliobaki. Msiisome kama hesabu ya mtihani. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na wengi wao waliuawa na watu waliowahi kula nyumbani kwao.

Nirudi kwenye macho mekundu, ambayo huku kwetu huhesabiwa kuwa alama ya mchawi, maana hapo ndipo ninapotaka mkae na kufikiri.

Nchi yetu haikuwa tupu kama mnavyoiona mkipita kwa basi. Ilikuwa na miombo na migunga. Enzi za Waingereza misitu ilifyekwa ili mbung'o wakose mahali pa kujificha na ng'ombe wapone. Baadaye tukafyeka wenyewe kwa ajili ya pamba na malisho, na mifugo ikaongezeka. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wanaitaja Shinyanga kama jangwa, na ndiyo maana mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti na zile ngitili za babu zetu, yaani malisho yaliyotengwa yapumzike. Mradi ule ulifanya kazi nzuri. Lakini katika miaka yote ambayo kuni zilikuwa hazipatikani, chakula kiliendelea kupikwa. Kwa kuni gani? Kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua ya pamba. Wapi? Ndani ya jiko lisilo na dirisha. Na nani? Na binti aliyeanza kukoroga ugali akiwa hajafikisha miaka kumi, akaolewa, akaendelea kukoroga, akazeeka akikoroga. Moshi wa samadi ni mkali, na anayeinamia chungu anaupokea wote machoni, asubuhi na jioni, kwa miaka hamsini. Ongezea vumbi la kiangazi na ugonjwa wa vikope usiotibiwa. Jicho la namna hiyo litabaki jekundu mpaka kaburini. Wanaume wa umri wetu hawana macho hayo kwa sababu hawakukaa jikoni.

Ugali mliokulia, wajukuu zangu, ndio ulioyaivisha macho haya.

Mwanafunzi yeyote wa darasa la saba angeweza kulipata jibu hilo akipelekwa jikoni kwa bibi yake na kuulizwa: kwa nini wanawake tu, na kwa nini wazee tu? Halihitaji chuo kikuu. Lakini hakuna aliyeuliza swali hilo, kwa sababu jibu, kwamba ni uchawi, lilikuwa limeshatolewa tangu kabla hajazaliwa, na watu wote wanaomzunguka walionekana kulikubali. Ndivyo akili ya mtu inavyolazwa. Hapokonywi, ila anapewa jibu mapema mno, hata swali lisipate nafasi ya kuzaliwa.

Kuna utafiti uliofanyika wilayani Meatu, ambayo sasa iko Simiyu, ukachapishwa mwaka 2005. Mchumi mmoja kutoka Marekani alilinganisha hali ya mvua na mauaji, mwaka hadi mwaka. Akakuta kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, watu waliouawa kwa kudaiwa ni wachawi walikuwa takribani mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa karibu wote ni wanawake, na aghalabu waliowaua ni ndugu zao. Litafakarini hilo polepole. Kama tatizo ni wachawi, mbona wanaongezeka mwaka ambao mahindi yamekauka shambani? Kilichoongezeka mwaka huo ni njaa. Na kwenye mji wenye njaa, wa kwanza kuonekana ni mzigo ni bibi ambaye halimi tena lakini bado anakula. Watu wema wasingethubutu kusema "tumpunguze". Wakisema "ni mchawi", wanathubutu.

Kuna na shamba. Mjane akibaki kwenye ardhi ya marehemu mumewe, wapo shemeji na watoto wa shemeji wanaopiga hesabu. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume, ila mila tuliyoirithi inamwona kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Kumfikisha barazani ni kazi ndefu, na huenda akashinda. Tuhuma ya uchawi haina rufaa.

Nenda Kilifi, pwani ya Kenya, utakuta alama imebadilika. Huko wanaowindwa ni wazee wenye mvi, wanaume kwa wanawake, na wapo wanaopaka nywele zao rangi nyeusi ili waonekane vijana. Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Ukichunguza, ardhi haikosi kutajwa. Kisii nako, Oktoba 2021, huko Marani, bibi wanne waliuawa na kundi la watu na kuchomwa moto kwa tuhuma hizi hizi. Huku macho, kule mvi. Uzee ndio unaohukumiwa, na kila mahali unatafutiwa alama yake. Nanyi mnauendea.

Wapiga ramli hao hao ndio walioanza kuwaambia wavuvi na wachimbaji kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino kinaleta samaki na dhahabu. Mlikuwa wadogo, au hamjazaliwa, wakati watoto wenye ualbino walipoanza kulazwa kwenye shule zenye uzio kama wafungwa ili wasikatwe mikono. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli, na miezi michache baadaye waganga zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Mei 2024, Muleba, mtoto wa miaka 2 na nusu mwenye ualbino akaporwa kutoka kwa mama yake, na mwezi uliofuata akakutwa ameuawa. Kwa hiyo msiniambie ni mambo ya kale, Bibi anaota.

Najua baadhi yenu mliosoma mnasema haya ni ya watu wa vijijini. Hapana. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Walikwenda wasomi, walikwenda mawaziri na wabunge, magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi na wagonjwa wengine wakafia njiani. Wapo waliorudi wakaacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Sitaki kumsema marehemu yule mzee, wala kumcheka mgonjwa aliyetafuta tumaini. Nasema juu ya wenye afya na elimu walioulizwa "una uhakika gani?" wakajibu "hujaona watu walivyo wengi?" Foleni ikawa ndiyo ushahidi. Kila aliyejiunga akaiongezea urefu, na urefu ule ukamvuta aliyefuata. Msomi ni rahisi kutekwa kama mwingine yeyote, tena ana maneno mengi zaidi ya kujitetea.

Hapa inanibidi nipingane na wahenga, nao nawaheshimu. Walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nimeishi nikaona lisemwalo likiletwa, kwa mikono, na watu waliolisema. Walisema pia wengi wape. Wape kiti kwenye mkutano, wape zamu ya kuchagua siku ya mnada. Roho ya mtu haipigiwi kura. Afadhali ule msemo mlioupenda ninyi wa siku hizi, akili za kuambiwa changanya na za kwako. Shida ni kwamba wengi mnazichukua za kuambiwa na za kwenu hamzichanganyi, mnaziweka akiba.

Na simu je? Simu ninayo, pensheni yangu inaingilia humo, na sauti ya wajukuu wa mbali naisikilizia humo. Siilaumu simu. Ninachokiona ni kwamba haiwaachii mwanya. Kufikiri kunataka muda ambao hakuna kinachoingia: unachunga ng'ombe, unapalilia, unatembea kwenda mashineni kusaga, na lile neno ulilolisikia jana linajigeuza lenyewe kichwani mpaka unauona upande wake wa pili. Ninyi neno likiingia, jingine liko mlangoni. Msiba, kichekesho, goli, matusi ya wasanii, msiba mwingine. Moyo uliolia na kucheka ndani ya dakika tano hauna nguvu ya kusimama na kusema hapana. Darasani nilikuwa nikiuliza swali, sikumchagua wa kwanza kunyoosha mkono. Niliwaacha wakae nalo. Wale wa kwanza wengi walikuwa wakirudia nilichosema. Majibu yenye mtu ndani yake yalikuja baadaye, kwa mikono iliyonyooka taratibu.

Siwaombi leo muamue kama uchawi upo au haupo. Wapo wazee wenzangu wanaouamini kwa dhati, na dini zetu zinautaja. Hata anayeamini hana ruhusa, kwa Mungu wala kwa serikali, kumkata mama wa mtu kwa maneno ya matumbo ya kifaranga. Hapo muumini wa uchawi na asiyeamini wanaweza kusimama pamoja, na nataka msimame pamoja.

Basi sauti ile ikiingia, lala nayo. Usijibu kitu zaidi ya pole. Kesho yake piga simu, maana sauti ya mtu ukimuuliza moja kwa moja haifanani na aliyoirekodi. Uliza mtoto aliumwa nini, siku ngapi, na kama alifikishwa zahanati au alipitishwa kwanza kwa mganga. Ukiambiwa alishtuka, akakakamaa, akageuza macho, hiyo ni degedege, na huku kwetu degedege ya homa kali mara nyingi imeletwa na malaria, ambayo ina kipimo na ina dawa. Uliza nani aliyependekeza mtaalamu, na nani anamjua. Uliza kama anayetajwa amewahi kuulizwa yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti, mchana, mbele ya watu. Kisha uliza swali ambalo hawatalipenda: bibi huyu akiondoka, shamba lake msimu ujao litalimwa na nani? Nyamaza usikilize. Mara nyingine utasikia ukimya mrefu, halafu mtu atakata simu.

Mtaniambia, Bibi, ukiuliza hivyo unaambiwa na wewe ni mwenzao. Ni kweli, na hofu hiyo naifahamu vizuri. Usipinge peke yako kwenye kundi kwa maneno makali. Mtafute mmoja faraghani, binamu unayemwamini, mwambie roho yako haikubali. Mara nyingi utakuta naye haikubali, alikuwa anangoja asiwe wa kwanza. Wawili wakiuliza, wa tatu hujitokeza. Ikionekana jina limeshatajwa, usingoje ukoo ukubaliane. Mpigie mtendaji wa kijiji, mpigie padri au shehe wa pale, piga polisi 112, na kama una chumba mjini mchukue bibi aje akae kwako mpaka mambo yapoe. Wapo waliookolewa kwa tiketi ya basi tu.

Ninyi mlioko mbali mna nguvu msiyoijua. Kijijini wanawaogopa, kwa sababu bati za nyumba ni zenu, ada ni zenu, mbolea ni yenu. Mkitangaza kwenye kundi kwamba hela yenu ni ya hospitali, jeneza na chakula cha waombolezaji, na kwamba hata senti moja haiendi kwa mpiga ramli, mtakuwa mmefunga mlango ambao mimi kwa umri wangu na macho yangu siwezi kuufunga. Semeni wakati hakuna msiba, watu wakiwa watulivu. Msiba ukishaingia, mmechelewa.

Mwaka huu mkitaka kuchangishana, changishaneni mtoboe dirisha kwenye jiko la kila bibi wa ukoo wenu, mumjengee jiko linalotoa moshi nje kwa bomba, na mumpeleke hospitali ya wilaya akapimwe macho. Vikope vinatibika. Desemba mkirudi likizo, kabla ya pilau na picha, ingieni jikoni kwake wakati anapika kwa samadi, mkae humo mpaka ugali uive. Mkitoka, jitazameni macho kwenye kioo cha simu zenu, mjipige picha, na hiyo ndiyo muirushe kwenye kundi la ukoo.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Shinyanga Vijijini